Vijidudu Ulivyoniachia, Baba Nekesa

Mume wangu, Baba Nekesa,

Huko uliko, kuna mtu anayekusikiliza ukianza habari za udongo? Kama yupo, mpe pole zangu. Mimi nilikusikiliza mpaka nikawa naota ndoto za samadi. Sasa nyumba imenyamaza, na ajabu ni kwamba mimi ndiye ninayeongea. Juzi nilimsimamisha muuza makaa mlangoni nikimweleza kwa nini udongo haupendi kuachwa uchi juani. Aliniangalia, akasema, "Mama, mimi nataka kujua tu kama unachukua debe moja au mawili." Nikakukumbuka, nikacheka hadi akaondoka akidhani namcheka yeye.

Nakuandikia kwa sababu kuna habari hukupata kuisikia. Vile vijidudu vyako, ulivyovilea kwa upole kuliko ulivyomlea binti yetu, nusura vipotee vyote kisibaki hata kimoja. Na namna nilivyohangaika kuvipata tena si jambo la kukunong'onezea katika maombi ya kanisani, watu wamefumba macho lakini masikio wameyafungua. Hili linataka karatasi. Na wengine wakilisoma, walisome.

Unakumbuka ule mwaka kiwanda cha rangi kule Industrial Area kilipowapunguza? Ulirudi Kariobangi na gambuti zako mkononi na chupa ya chai kwapani, ukakaa kwenye kochi kama mgeni aliyekosa gari la kurudi. Wiki nzima, ya pili, ya tatu. Nikipika, unakula. Nikifagia, unainua miguu. Ngai! Nilikuwa nasali upate kitu cha kukutoa kwenye hilo kochi, lakini sikumwambia Mungu ni kitu gani, na hapo ndipo nilipokosea. Vijana wa mazingira wakaitisha mafunzo pale ukumbini. Wewe ulienda kwa sababu ya chai na mandazi, usinidanganye. Ulirudi jioni macho yanang'aa.

"Mama Nekesa, unajua kijiko kimoja cha udongo mzuri kina viumbe vingi kuliko watu wa Nairobi nzima?"

Nikakuuliza kama viumbe hao wanalipa kodi ya nyumba. Hukunisikia. Ulikuwa tayari umepiga magoti kando ya beseni langu la nguo ukinichorea kwa sabuni sakafuni: hapa mzizi, hapa kijidudu, hapa chakula. Ulisema ardhi ya mtaa wetu haikuwa na njaa ya mbolea, ilikuwa haina watu. Ukiimwagia mbolea ya dukani peke yake ni sawa na kupakua chakula kwenye nyumba isiyokaliwa na mtu. Kwanza warudishe wenye nyumba. Kusema kweli, hapo nilielewa. Sikukwambia, kwa sababu ningekwambia ungeongea hadi asubuhi.

Mafunzoni waliwafundisha kuvitega kwa wali. Unapika wali mkavu, unauweka kwenye mkebe, unafunika kwa kitambaa kinachopitisha hewa, unauzika chini ya majani yaliyooza, na baada ya siku chache vijidudu vya hapo vinakuja kula na kujenga utando mweupe kama pamba. Unachanganya na sukari nguru, unaweka kwenye mtungi na maji ya mvua, na hapo una mbegu ya kufufulia shamba. Lakini wewe Mbukusu wewe, ukasema wali ni wa wageni. "Vijidudu vya Kariobangi vimezoea ugali." Na kweli ukasonga ugali, wewe ambaye tangu tuoane sikuwahi kukuona umeshika mwiko.

Tatizo likawa mahali pa kutegea. Vinataka kivuli cha mti mkongwe na majani yaliyolala chini miaka bila kufagiliwa. Kariobangi hii yetu, mti usio na fundi wa welding chini yake utaupata wapi? Ni pale nyuma ya kanisa letu tu. Siku ya mazoezi ya kwaya ukachelewa kuingia, mikono ina vumbi, nikadhani umetoka msalani. Kumbe ulikuwa umeshazika mkebe wa maziwa ya unga aliyokunywa Nekesa akiwa mtoto, ugali ndani, na mdomo wake umeufunga kwa kipande cha leso yangu nyekundu. Leso ambayo nilikuwa nimeitafuta nyumba nzima, nikausingizia upepo.

Jumamosi ikawa zamu ya akina mama kusafisha kanisa. Mama Kamau, jirani yetu wa mlango wa pili na kiongozi wetu, unamjua: mwanamke anayesugua ngazi za ploti hadi simiti inaomba msamaha. Aliamua siku hiyo, baada ya miaka yote, kwamba na yale majani ya nyuma yafagiliwe. Reki yake ikagonga mkebe. Akafungua.

Nisamehe, hapa nacheka peke yangu tena. Ugali umeota nywele nyeupe! Umefungwa kwa kitambaa chekundu! Umezikwa kanisani! Mama Kamau alipiga nduru iliyosikika hadi kwenye soko la vyuma. Akina mama walitawanyika na mifagio, mmoja akaacha kiatu. Kufikia jioni mtaa wote ulishajua kwamba kuna mtu amelifunga kanisa kwa uchawi.

Jumapili pasta hakungoja hata mahubiri. Alitutoa nje tukazunguka mkebe, umewekwa juu ya jiwe, mafuta ya taa na kiberiti tayari. Watu wanakemea, watu wanatetemeka. Mimi nikachungulia kati ya mabega mawili, nikaiona leso yangu. Haiya! Nikageuza macho kukutafuta kwenye kwaya, na hapo ndipo nikakuona unakuja mbio, joho linapepea, mkono juu:

"Msichome! Msichome jamani, hakijaiva!"

Baba Nekesa, katika maneno yote ya Kiswahili, ni hayo ndiyo uliyoyaona?

Pasta akauliza polepole, "Ndugu, wewe umejuaje hakijaiva?" Ukasema, "Si ni mimi nilikizika." Mama Kamau akakaa chini pale pale kwenye changarawe. Nikasema leo tunahama, tena tunahama kwa miguu.

Lakini hukutishika. Uliuchukua ule mkebe ukaupakata kama mtoto anayepelekwa kubatizwa, ukaanza kueleza. Uliwauliza maziwa lala yanalazwa na nani. Ukamgeukia Mama Kamau mwenyewe: "Na ule uji wako mtamu wa kuchachua, mama, unauchachua wewe? Si unauacha tu kwenye kibuyu ukalale? Sasa nani anakesha akifanya kazi?" Mama Kamau akasema, "Mimi nilidhani ni joto." Mtu mmoja akacheka, na kicheko kikapita kwenye duara lote, hata pasta akaficha mdomo kwa Biblia. Mwisho akasema, "Ndugu, siku nyingine ukitaka kuzika kitu kanisani, kipitishe kwanza kwenye matangazo." Na akakupa ile sehemu iliyo nje ya ukuta, kati ya kanisa na nyumba zetu, mahali ambapo mkandarasi alimwaga kokoto na vifusi na hata magugu yalikuwa yameona haya kuota. Kikiota kitu pale, alisema, ataamini.

Tangu siku hiyo kila Jumapili katibu alisoma: arusi ya fulani, harambee ya fulani, na mkebe wa Baba Nekesa uko chini ya mti, tafadhali usiguswe. Nao vijana wa kuosha magari wakakupa jina. "Niaje, Buda Bakteria! Wadudu wameamkaje?" Na wewe, bila kupunguza mwendo: "Wameamka na njaa."

Msimu wa kwanza uliaibika, tusifichane. Sukuma wiki zilitoka na rangi ya chai ya maziwa, zikasimama hapo hazikui hazifi. Nilikwambia uache. Wewe ulizunguka na mkokoteni ukiokota pumba kwenye posho mill na samadi ya kuku kwa wafugaji, ukachanganya na maji ya mtungi wako, ukafunika kwa magunia. Hukutaka nikupe maji ya mfereji moja kwa moja, ulisema yana dawa inayoua vijidudu, hadi yalale kwanza kwenye beseni wazi ndipo yafae. Beseni langu. Halafu jioni moja ukanivuta hadi kwenye lile rundo, ukachukua mkono wangu ukauingiza ndani.

"Unasikia joto? Hiyo ni kazi inafanyika."

Mkono wako juu ya wangu, mkono wangu ndani ya samadi, na watu wa kutoka kazini wanapita wanatuangalia. Hivyo ndivyo ulivyonitongoza uzeeni, na kusema kweli ulifaulu. Nilisikia aibu na nilisikia raha, na sikuuondoa mkono.

Kisha ile asubuhi ulipiga kelele hadi nikadhani umeumwa na nyoka: "Mama Nekesa! Njoo uone mgeni!" Nikaja mbio na mwiko mkononi, uji unafurika nyuma yangu. Kumbe mgeni mwenyewe ni nyungunyungu. Mmoja. Mwekundu, anajipinda kwenye kiganja chako mahali ambapo juzi palikuwa na kokoto. Ulikuwa na machozi, mzee mzima. Nilikugombeza kwa ajili ya uji, lakini nilirudi ndani nikiimba. Mwaka uliofuata tulikula kunde za pale, tukampelekea pasta kikapu, na udongo ulikuwa mweusi, laini, unaushika ukashikana.

Ulituacha Jumatatu asubuhi ukifunga kamba za viatu. Presha, alisema daktari. Sitaki kurefusha hapa, wewe ulikuwepo.

Tulikupeleka kwenu Bungoma kama desturi ilivyo. Na huku nyuma, akina mama wa kanisa wakafanya walichofanya kwa upendo wote wa Mungu: walikuja kunisafishia nyumba, nisirudi kwenye vumbi la msiba. Waliosha mapazia. Waliosugua sufuria walizisugua mpaka ndani na nje zikafanana. Na walipoikuta ile mitungi yako imejipanga kwenye ukuta wa jikoni, maji ya kahawia yenye harufu ya uji uliochacha, wakasema, masikini, maji yameharibika na mwenyewe hayuko. Wakamwaga yote kwenye mtaro. Wakaisuuza mitungi kwa blichi, wakaijaza maji safi ya kunywa. Mama Kamau akanionyesha mwenyewe, amenishika mkono: "Tumekutolea uchafu wote, mama. Hakuna hata mdudu."

Ningesema nini? Nilisema asante. Kisha nililia nikakaa chini, wakanizunguka wakiimba, wakijua nakulilia wewe. Na kweli nilikuwa nakulilia wewe.

Nilienda kutafuta. Kinyozi wa chini, uliyempa chupa, aliimwaga chooni na akaisifu sana, hadi leo choo hakinuki. Vijana wa kuosha magari wakasema, "Mathe, yetu ilimwagika, hatukudanganyi." Nyuma ya kanisa, ule mti ulishakatwa, wameweka matofali ya kabro waumini waegeshe magari. Pasta akaniomba msamaha hata kabla sijafungua mdomo. Nikasonga ugali nikautega pale shambani kwako kando ya ukuta, ukatoka mweusi na kijani, unanuka kama soksi. Uliniambia mweupe ndio baraka, mweusi wa kutupa. Nikatupa. Nikatega tena, nikatupa tena. Na sukuma zikaanza kurudia ile rangi ya chai.

Nekesa akanipigia simu kutoka Kitengela. "Mum, si uende agrovet? Siku hizi wanaviuza kwa chupa. Vijidudu ni vijidudu tu."

Nikamwambia, "Na baba ni baba tu, ama? Nikuokotee mwingine?"

Nikajisikia vibaya, tukalia wote wawili kwenye simu, kisha akasema, "Angalau huyo mwingine asiwe anaongea udongo mezani," tukacheka. Lakini sikwenda agrovet. Nilitaka kitu kimoja kilichotoka kwako, kilicho hai. Nguo zako ni nguo, picha ni picha, nazipangusa vumbi tu. Nilitaka kitu cha kuniamsha kwa sababu kina njaa.

Siku moja nachambua maharagwe, nikajiuliza: kama vya Kariobangi vimekwisha, vilivyo karibu na Baba Nekesa sasa hivi ni vipi? Nikaacha maharagwe. Ulilazwa kando ya migomba ya mama yako, mahali ambapo majani huanguka yakaoza na hakuna anayefagia. Na mwaka ulikuwa unakaribia, tulikuwa tunakuja kwa makumbusho yako.

Sasa elewa hatari yangu. Ile ya kanisani ilikuwa mchezo wa watoto. Hapa ni mjane, tena Mkikuyu wa Murang'a, anachimba shimo kando ya kaburi la mumewe alfajiri na kuzika chakula kilichofungwa kitambaa. Wangenikuta, nisingekanyaga tena boma lenu, na kaburi lako ningelisikia kwa habari. Na nyumba ya kwanza kutoka kwenye migomba ni ya nani? Ya dada yako, Senge Nasimiyu, yaani shangazi, nami humwita kama Nekesa anavyomwita. Senge ambaye siku uliponipeleka kwenu mara ya kwanza alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni akasema, "Huyu atakuua na chai na viazi." Mimi nilikuwa namwogopa Senge kuliko mahakama.

Nilikwenda hata hivyo. Umande miguuni, mkebe chini ya shali. Nilikuwa nimeshafukua kidogo, nimeuweka, nimeshika majani makavu ya mgomba niufunike, nikasikia nyuma yangu:

"Mulamwa."

Hivyo ndivyo anavyoniita, yaani shemeji kwa Kibukusu. Sikugeuka. Alikuja akasimama juu yangu, jembe begani. "Unafanya nini hapo?"

Nikafungua mdomo niseme vijidudu. Nikasema mzizi, nikasema udongo, nikasema maziwa lala. Hakuna sentensi iliyofika mwisho. Akainama, akafungua kitambaa, akaona ugali. Akauangalia. Akaliangalia kaburi. Nikafumba macho nikingoja nduru.

"Ugali mtupu?"

"Senge, ngoja nikueleze..."

"Miaka yote hiyo umekaa na ndugu yangu, unamletea ugali mtupu? Alikufa, hakuwa fukara! Ngoja hapo. Usitoke."

Akaenda akiburuta viatu, akinung'unika kuhusu watu wa Nairobi. Mimi nimepiga magoti pale, na pole pole naanza kuelewa. Alirudi na kibakuli, amekifunika kwa kiganja. Ndani kulikuwa na firigisi ya yule jogoo aliyechinjwa kwa ajili ya wageni wa makumbusho. Firigisi! Kwenu hiyo ni ya mwenye boma, mtu mwingine akiila ni kesi ya wazee. Alikuwa amewaficha wajomba wote. Akatazama kushoto na kulia, akasema kwa sauti ya chini, "Pasta wetu asijue."

Baba Nekesa, nyama ndani ya ule mkebe ingeoza, mbwa wangefukua, na kazi yangu yote ingekuwa bure. Na mwanamke yule alikuwa ameshika kibakuli kwa mikono miwili. Nikasema, "Senge, mboga tumwekee sahani yake." Nikachimba kashimo kengine pembeni, tukatandika jani la mgomba, akaiweka. Akapiga magoti na yeye. Akakusemesha Kibukusu, mengi, haraka haraka, na mimi nilishika nusu tu: kitu kuhusu ng'ombe mliochunga, kitu kuhusu mvua iliyowanyeshea. Akalia. Sikujua kama dada yako naye hulia. Nikamshika bega, akaniacha nimshike.

"Nilikuwa nangoja mmoja wenu amkumbuke hivi," akaniambia akijipangusa. "Nyinyi mnakuja na maua ya plastiki."

Kisha akanishika mkono akanipeleka jikoni kwake, akanipakulia shingo na bawa na ugali wa mtama, akasimama juu yangu hadi nikamaliza. Tangu ulale, hicho ndicho chakula cha kwanza kilichonifikia tumboni nikakisikia utamu.

Siku chache baadaye, asubuhi ya kurudi Nairobi, tulikwenda pamoja kuufungua mkebe. Nikavuta kitambaa. Mweupe, Baba Nekesa! Mweupe wote, laini, umejaa hadi mdomoni, hakuna kijani, hakuna mweusi, harufu yake tamu kama mkate. Ugali wenyewe umeshaanza kulegea na kuyeyuka chini ya ule weupe. Senge akachungulia juu ya bega langu. Akavuta pumzi.

"Mayi! Amekula."

Mimi nilikuwa na jibu. Hotuba zako zote ninazo kichwani, ningeweza kumchorea kwa sabuni: hapa mzizi, hapa kijidudu. Nikauangalia ule weupe uliotoka kwenye udongo unaokulaza wewe. Nikamwangalia dada yako, uso wake ulivyong'aa.

"Ndiyo, Senge," nikasema. "Amekula vizuri."

Na nikifikiri sana, sidhani nilimdanganya.

Niliupakata mkebe hadi Nairobi. Nikauchanganya na sukari nguru aliyonipa Senge mwenyewe, nikaweka maji ya mvua, na mtungi uko pale jikoni penye ukuta wako. Nimeunyunyizia udongo wa shamba lako kuanzia ukutani hadi njiani, nimefunika kwa majani. Sukuma zimeiva rangi, kijani kile cha karibu na weusi unachokijua. Mama Kamau nilimweleza ukweli hatimaye, nikicheka, asije akafa kwa aibu. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaomba chupa yake, na sasa mtu akipita karibu na shamba na ndoo ya sabuni, yeye ndiye anayemfukuza.

Mtungi huu una tabia yake. Vijidudu vikila vinatoa hewa, na mtu asipoulegeza kila siku utavimba. Senge nilimwambia hivyo mara moja tu, nikimweleza kwa nini siwezi kukaa Bungoma wiki mbili. Tangu hapo hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Hanisalimii kwanza. Anauliza, "Amekula?" Nami nasogeza simu kwenye mtungi, nalegeza kifuniko, nao unashusha pumzi ndefu, psss, na upande wa pili dada yako anaisikiliza hadi iishe. Kisha anasema, "Haya. Na wewe, umekula?"

Nimekula, Baba Nekesa. Nakula. Kelele zako nazikosa sana, mchana kuliko usiku, lakini kuna anayeniamsha.

Ndiyo hiyo simu, inalia. Lala salama hapo kwenye migomba, niache nikamfungulie dada yako kifuniko.

Mkeo,
Mama Nekesa